Fyuzi Ikikatika, Tafuta Sababu Kabla ya Kuweka Nyingine



Somo letu safari hii linahusu kitu kidogo kuliko kidole chako cha mwisho. Wengi wenu mna chombo kinachotumia umeme: mashine ya kunyolea, amplifaya ya ibada au ya ukumbi wa video, cherehani yenye mota, inveta ya kuchajia simu, pikipiki ya boda boda. Kila kimoja kina fyuzi mahali fulani. Siku inapokatika kazi husimama, wateja wanasubiri, na mwenye chombo hushawishika kuchukua kipande cha waya au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kuifunga mahali pa fyuzi.

Tafadhali usifanye hivyo. Chombo kitawaka, ni kweli. Lakini kuanzia saa ile hakuna tena kitu cha kuuzuia umeme. Waya ukishika moto katika nyumba ya matofali huenda ukuta ukausimamisha. Katika kibanda cha turubai na nyasi hakuna wa kuusimamisha, na nyumba ya jirani iko hatua chache tu.

FYUZI HUFANYA KAZI GANI?

Ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba wa madini. Umeme wote unaokwenda kwenye chombo hupita katika uzi huo. Umeme ukizidi kiasi, uzi hupata joto, huyeyuka na kukatika. Yaani umewekwa pale makusudi uwe sehemu dhaifu kuliko zote, ili uungue wenyewe ndani ya kasha lake badala ya waya mrefu unaopita chini ya mkeka wako.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hukosea. Fyuzi hulinda waya na nyumba. Haikulindi wewe. Umeme wa ampea 0.03 ukipita kifuani mwa mtu unaweza kumwua, na hata fyuzi ndogo ya ampea 3 inapitisha mara 100 ya kiasi hicho bila kukatika. Kwa hiyo usiseme, "Fyuzi ipo, naweza kushika." Chomoa kwanza.

PLAGI MOJA PANDE MBILI ZA MPAKA

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mmoja Uganda, na bidhaa huvuka mpaka kila siku. Neno lenyewe boda boda lilianzia huko, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Vitu vya umeme vinavyouzwa Busia na Tororo huishia mbali, hata makambini. Wale kati yenu waliokimbia Kenya mapema mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, wakapitia Busia au Malaba na kukaa katika kituo cha Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo, wanakumbuka kwamba kitu cha umeme kilichotoka nyumbani hakikuhitaji kubadilishwa plagi.

Hiyo ni kwa sababu nchi zote mbili hutumia umeme wa volti 240 na plagi ya Kiingereza yenye meno matatu ya mraba. Hata nyaya kubwa zimeunganishwa. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na njia ya umeme inayopita Tororo kuelekea Lessos huunganisha Uganda na Kenya mpaka leo. Faida yake kwako ni ndogo lakini ya kweli: fyuzi ya plagi iliyonunuliwa upande mmoja inafaa upande mwingine.

Plagi hii ya meno matatu ina fyuzi ndani yake. Plagi za meno mawili ya mviringo hazina. Ukimwona mtu amechomeka plagi ya meno mawili kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi, ujue ameiruka fyuzi ya plagi. Mwambie anunue plagi kamili.

SOMA FYUZI ILIYOKUFA

Kabla ya kwenda dukani, itazame fyuzi iliyokatika. Ina habari.

Fyuzi ya kioo, ile ndogo yenye urefu wa milimita 20 inayokaa nyuma ya amplifaya au inveta, ni rahisi kusoma. Kama kioo ni safi na uzi umekatika katikati tu, basi mzigo ulizidi kidogo kwa muda, au fyuzi ilikuwa imechoka. Hapo unaweza kuweka mpya na kuangalia. Lakini kama kioo kimekuwa cheusi, au kimepakwa rangi kama ya fedha kwa ndani na uzi hauonekani kabisa, huo ni mlipuko. Umeme mwingi ulipita kwa ghafla. Hiyo ni shoti: nyaya mbili zimegusana, au kitu ndani ya mashine kimeungua. Ukiweka fyuzi mpya bila kutafuta kosa, utanunua nyingine baada ya dakika moja.

Fyuzi ya plagi ni ya kauri, huwezi kuona ndani. Ipime. Kama una tochi ya bati ya mtindo wa zamani, fungua kifuniko cha nyuma, washa swichi, kisha gusisha ncha moja ya fyuzi kwenye kitako cha betri na ncha nyingine kwenye ukingo wa bati la tochi. Balbu ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, imekatika. Fundi wa simu mwenye mita atakupimia pia, kazi ya nusu dakika. Usipime kamwe kwa kuirudisha kwenye soketi na kuangalia kama kutatokea cheche.

FYUZI YA AMPEA NGAPI?

Hesabu ni moja tu, na mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukua wati zilizoandikwa kwenye chombo, gawanya kwa volti. Jibu ni ampea. Kisha chagua fyuzi iliyo juu kidogo ya jibu hilo.

Mashine ya kunyolea ya wati 15: 15 gawanya kwa 240 ni ampea 0.06. Fyuzi ya ampea 3 inatosha na kubaki. Amplifaya inayokula wati 300: ampea 1.25. Fyuzi ya 3 tena. Birika au jiko la koili la wati 2000: ampea 8.3. Hapo ndipo pa fyuzi ya ampea 13. Kwa plagi zetu, fyuzi ya ampea 3 huwa na rangi nyekundu na ya 13 huwa ya kahawia. Kwa kanuni ya haraka, chombo kisichozidi wati 700 kipe ya 3, na chombo cha kupasha joto, kama pasi na birika, kipe ya 13.

Shida ni kwamba madukani utaikuta ya 13 kila mahali, na ya 3 ni ya kutafuta. Plagi mpya nyingi huuzwa zikiwa tayari na ya 13. Basi watu huweka ya 13 kwenye kila kitu, hata kwenye redio yenye waya mwembamba kama uzi wa kiatu. Waya ule mwembamba ukipata hitilafu, unaweza kuwaka kabla fyuzi haijasikia chochote, maana fyuzi ya ampea 13 huweza kubeba hata ampea 20 kwa muda mrefu kabla haijakatika. Kwa maoni yetu, yafaa kikundi cha vinyozi au cha wenye vibanda vya kuchaji kimtume mtu mmoja akanunue fyuzi za 3 nyingi kwa pamoja kuliko kila mtu kuchukua anachokikuta.

Angalia pia ubora. Fyuzi nzuri ya plagi imeandikwa BS 1362 mwilini mwake, na ndani imejazwa mchanga wa kuzima cheche. Za bandia huwa tupu na nyepesi; umeme mkubwa ukipita hupasuka badala ya kukatika kwa utulivu.

KUBADILISHA FYUZI YA PLAGI

Zima swichi ya soketi na uchomoe plagi. Iweke juu ya meza kavu, mbali na mikono ya watoto. Kama plagi ni ya kuundwa kwa mpira mzima, kuna kidroo kidogo kati ya meno. Kiinue kwa bisibisi nyembamba na fyuzi itatoka nacho. Kama plagi ni ya kufungwa kwa skrubu, legeza skrubu kubwa ya katikati, ondoa kifuniko, kisha uing'oe fyuzi kwa ncha ya bisibisi.

Ukiwa umefungua plagi ya skrubu, usiharakishe kuifunga. Sababu ya fyuzi kukatika mara nyingi iko hapo hapo. Waya wa kahawia, au mwekundu katika vifaa vya zamani, ndio wa moto. Unakwenda upande wa fyuzi, ambao ni kulia ukiitazama plagi iliyo wazi huku jino refu likiwa juu. Waya wa buluu, au mweusi wa zamani, unakwenda kushoto. Waya wa kijani au wa kijani na manjano ni wa ardhi, unakwenda juu. Angalia kama kuna nyuzi za shaba zilizotoka nje na kugusa upande wa pili. Zisokote pamoja, zikaze. Angalia kama kibanio cha chini kimeshika ngozi ya nje ya waya, si nyuzi za ndani. Plagi inayovutwa kwa waya kila siku hulegea hapo, na shoti huanzia hapo.

Kisha fuata waya wote kwa vidole mpaka kwenye chombo, plagi ikiwa bado imechomolewa. Mahali palipoliwa na panya, palipoungua kwa pasi, palipobanwa na mlango: pakate na upaunge upya kwa kiungio, au ununue waya mwingine. Utepe peke yake si dawa.

Sasa weka fyuzi mpya, funga, zima swichi ya chombo chenyewe, chomeka, washa soketi, na mwisho washa chombo. Ikikatika tena, simama. Fyuzi mbili zilizokatika mfululizo maana yake kuna shoti, na dawa yake haiuzwi kwenye duka la fyuzi. Mpelekee fundi.

Kuna dalili nyingine ya kuangalia, nayo haikati fyuzi. Mtu akichomeka birika la wati 2000 na pasi ya wati 1200 kwenye ekstensheni moja, jumla ni wati 3200, karibu ampea 13.3. Fyuzi ya 13 itavumilia. Lakini plagi itapata joto, pengine mpaka mkono usiweze kuishika, na plastiki itaanza kugeuka rangi. Kutokatika kwa fyuzi si cheti cha usalama. Gusa plagi zako mara kwa mara kwa nyuma ya mkono.

FYUZI NYUMA YA MASHINE

Mashine nyingi zina fyuzi ya pili, nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Wakati mwingine ni kofia ya kuzungusha, wakati mwingine ni kidroo kidogo chini ya tundu la waya. Chomoa waya kwanza. Vidroo vingi havifunguki mpaka uuchomoe. Mara nyingi ndani ya kidroo utakuta fyuzi mbili, moja ikiwa ya akiba. Bahati njema.

Soma maandishi kwenye kichuma cha fyuzi. Kwa mfano T3.15A 250V. Herufi T maana yake inavumilia kidogo kabla ya kukatika. Herufi F maana yake inakatika upesi. Amplifaya na inveta hunyonya umeme mwingi kwa nukta moja zinapowashwa, kwa hiyo ukiweka F mahali pa T, itakatika kila asubuhi na utamlaumu fundi bure. Angalia pia volti. Fyuzi ya gari imeandikwa 32V. Hata kama ampea zinalingana, usiiweke kwenye chombo cha volti 240, maana uzi ukikatika cheche inaweza kuendelea kuruka kati ya ncha zake na umeme usikome.

Mashine ndogo za leza, zinazokata mbao na plastiki kwa mwali wa mwanga, zinafuata kanuni hii hii, na kijana anayetafuta kazi katika karakana za mjini anaweza kuzikuta. Fyuzi ya nje anaweza kuibadilisha. Asifungue sanduku la ndani. Kifaa kinacholisha bomba la leza hutoa maelfu ya volti, kinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na mwali wenyewe hupofusha. Kama fyuzi mpya ya mashine hiyo inakatika, kazi ni ya fundi aliyefunzwa mashine hiyo, si ya fundi redio.

SOLA, BETRI NA PIKIPIKI

Wengine husema, "Volti 12 haziui, fyuzi ya nini?" Ni kweli betri ya volti 12 haitakurusha. Lakini betri ya gari ikipata shoti hutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Spana inayogusa ncha zote mbili inaweza kuwa nyekundu kama mkaa. Na betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka kwa cheche. Kwa moto wa nyumba, betri isiyo na fyuzi ni mbaya sawa na umeme wa nguzo.

Kwa kuwa volti ni chache, ampea huwa nyingi. Fanya hesabu ile ile: inveta ya wati 300 kwa betri ya volti 12 ni ampea 25. Fyuzi ya 30 inafaa, mradi nyaya ziwe nene za kuweza kubeba ampea 30. Mahali pake ni kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Ukiiweka mwisho wa waya, penye inveta, basi urefu wote wa waya kutoka kwenye betri hauna ulinzi.

Fyuzi za magari na pikipiki, zile za plastiki zenye meno mawili bapa, hutambulika kwa rangi: nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Weka rangi ile ile uliyoitoa. Dereva wa boda boda ambaye fyuzi yake imekatika usiku njiani hufunga waya ili afike nyumbani. Tunaelewa. Lakini waya huo ukikaa wiki nzima, nyaya za pikipiki zinapita chini ya tangi la petroli. Beba fyuzi mbili za akiba mfukoni. Ni rahisi kuliko soda.

Unapobadilisha fyuzi ya sola, tenganisha paneli kwanza, kisha betri. Unaporudisha, anza na betri, kisha paneli. Kontrola nyingi huharibika kwa kupokea paneli bila betri.

USIGUSE HIZI

Fyuzi iliyo juu ya nguzo au kwenye kasha karibu na mita si yako, hata kama unalipia umeme. Upande wake mmoja una umeme wakati wote na hakuna swichi yako inayouzima. Hiyo ni kazi ya kampuni: Kenya Power upande wa Kenya, na UEDCL upande wa Uganda, ambayo ilichukua kazi hiyo kutoka kwa Umeme Aprili 2025. Fyuzi za jenereta ya kambi, ya zahanati na ya pampu ya maji pia waachie wahusika.

Umeme ukikatika na kurudi, fyuzi nyingi hufa dakika hiyo. Umeme unapokwenda, zima vyombo vyako. Unaporudi, washa taa moja, usubiri dakika chache uone kama mwanga umetulia, ndipo uwashe vingine kimoja kimoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kibanda kinachaji simu 20 kwa umeme wa volti 240, kila simu wati 10. Ni ampea ngapi? Fyuzi ya ampea 3 ya plagi ikikatika, je, sababu ni wingi wa simu?

2. Pasi ya wati 1200 ina fyuzi nyekundu ya ampea 3. Nini kitatokea?

3. Fyuzi ya kioo ya amplifaya imekuwa nyeusi. Mwenye amplifaya ana fyuzi mpya mkononi. Afanye nini kwanza?

4. Tazameni plagi tatu zilizo karibu nanyi, zikiwa zimechomolewa. Kila moja ina fyuzi ya ampea ngapi, na chombo chake ni cha wati ngapi?

Majibu: (1) Wati 200 gawanya kwa 240 ni chini kidogo ya ampea 1, kwa hiyo sababu si simu, tafuteni chaja mbovu au shoti kwenye ubao wa soketi. (2) Pasi inahitaji ampea 5, fyuzi itakatika. Wekeni ya 13. (3) Aiweke mfukoni, achomoe amplifaya, akague plagi na waya wote. Asipoona kosa, ampelekee fundi pamoja na ile fyuzi nyeusi, maana fundi atataka kuiona.